Jimbo, shirika au ndoa: kuchagua bila kumpunja Mungu

Kila Jumapili ya Mchungaji Mwema, ile ya nne ya Pasaka ambayo Kanisa limeitenga kuombea miito tangu enzi za Papa Paulo VI mwaka 1964, kanisani kwetu Moshi huja frateri mmoja, yaani mwanafunzi wa upadre, na masista wawili watatu kusema neno baada ya komunyo. Vijana wanapiga makofi, misa inaisha, watu wanasalimiana na kutawanyika. Pale karibu na groto wanabaki wanne au watano ambao hawaondoki na wenzao. Mimi ni mlezi wa vijana parokiani na mama wa watoto watatu, na hao wanaobaki ndio ninaowaandikia. Swali lao ni lilelile kila mwaka: "Mama, nitajuaje?"

Mdogo wangu ni padre wa jimbo, yaani wa eneo moja chini ya askofu wake. Shangazi yangu ni mtawa, amepita miaka thelathini ya nadhiri. Mimi nilikwenda mara mbili kwenye "njoo uone" ya masista, siku za kukaa nao ili uone maisha yao, na baadaye nikaolewa. Desemba tunaporudi nyumbani njia hizi tatu zinakaa meza moja, zinakula ndizi kutoka sufuria moja, na ninayoyaandika hapa mengi nimeyaona kwenye meza hiyo.

Kwanza niseme linaloniuma. Tukisema parokiani "fulani ana wito", tunamaanisha anakwenda seminari au utawani. Anayeoa anaonekana kama aliyebaki baada ya wengine kuitwa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa ya mwaka 1964, una sura nzima ya tano inayofundisha kwamba wabatizwa wote wameitwa kwenye utakatifu. Kwa hiyo usiniulize kama una wito. Ulipewa siku ya ubatizo wako. Uliza ni njia ipi utaweza kumpa Mungu vyote bila kumpunja.

Kihamba kitakuwa cha nani?

Naanza na mali kwa sababu kwetu Uchagani ndipo moyo unapojionyesha. Kijana akija kuniona hataji kihamba, shamba la ukoo la migomba na kahawa, hata mara moja, lakini nikimuuliza "nyumbani wewe ni wa ngapi?" naona uso unabadilika. Kwa mila, kifungua mimba ana fungu lake, na kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi. Yule kijana tajiri wa Injili aliondoka kwa huzuni kwa sababu alikuwa na mali nyingi. Kwetu ningesema alikuwa na kihamba.

Mdogo wangu ni kitinda mimba. Padre wa jimbo haweki nadhiri ya ufukara. Anaahidi useja, na anaahidi utii kwa askofu wake. Sheria ya Kanisa inamtaka aishi kwa kiasi na ajiepushe na anasa, lakini haimkatazi kumiliki. Kihamba ni chake hadi leo, migomba na kahawa inaangaliwa na binamu yetu, na akija likizo anaingia shambani na panga kama mtu mwingine. Anapewa posho ya kujikimu, na akitaka kumnunulia mama dawa za presha, ananunua.

Mtawa hawezi hivyo. Kanuni ya 668 ya sheria hiyo ya Kanisa inamtaka, kabla ya nadhiri za kwanza, akabidhi usimamizi wa mali yake kwa mtu amtakaye, na kabla ya nadhiri za daima aandike wosia wenye nguvu hata mbele ya sheria ya nchi. Mshahara wake, awe mwalimu au nesi, ni wa shirika. Krismasi ya mwaka juzi binamu yetu wa Dar alimpa shangazi simu mpya pale mezani. Shangazi alishukuru, akaigeuzageuza, akaipapasa kioo kwa kidole gumba, kisha akairudisha ndani ya boksi lake na kulifunga vizuri kama lilivyokuja. "Nitampelekea mama mkuu. Akinipa, nitaitumia." Mwezi wa pili nikapiga namba ile, ikapokelewa na sauti ngeni. Simu ilikuwa imepewa sista mdogo wa zahanati, kwa kuwa yeye ndiye anayeitwa usiku. Nilipompata shangazi kwa namba yake ya zamani aliniambia habari hiyo kwa sauti ileile anayosemea kwamba mvua imenyesha.

Sisi wenye ndoa tunamiliki, lakini mali yetu ina wenyewe: ada ya Januari, mchango wa jumuiya, paa linalovuja. Sikumbuki mara ya mwisho kushika elfu hamsini ambayo haikuwa na jina la mtu.

Kwa hiyo jichunguze unashikilia nini. Ukiona unapenda jimbo kwa sababu tu hutaki kuachia kihamba, hujachagua bado. Na ukiona unapenda shirika kwa sababu unakimbia ugomvi wa kihamba na kaka zako, hujachagua pia.

Nani atakuambia uende wapi

Padre wa jimbo amefungwa na mahali, na huo ni utajiri wake. Jimbo la Moshi lilianza kama vikarieti ya Kilimanjaro, yaani eneo la kimisionari ambalo bado si jimbo, mwaka 1910, likawa jimbo 1953. Arusha ilimegwa kutoka humo 1963 na kufanywa jimbo kuu 1999. Ukipadrishwa Moshi, utazunguka Rombo, Kibosho, Uru, Siha, na mama akiugua unaweza kufika kabla jua halijazama. Ukipadrishwa Arusha unaweza kuanzia mjini na kujikuta Loliondo, safari ya kutwa nzima, ukijifunza Kimasai ukubwani. Lakini usidhani mipaka hiyo ni ukuta. Askofu Mkuu Isaac Amani alikuwa padre wa Moshi, akawa askofu wa Moshi mwaka 2007, na mwishoni mwa 2017 Papa akamhamishia Arusha. Na aliyeshika nafasi hiyo Moshi, Askofu Ludovick Minde, ametoka katika shirika la Kazi ya Roho Mtakatifu na alikuja akitokea Kahama. Mungu hasomi ramani zetu.

Ukiingia shirika la kimisionari, unatoa mahali penyewe. Wamisionari wa Roho Mtakatifu, ambao shirika lao lilianzia Paris mwaka 1703, walifika Kilema mwaka 1890 kwa sababu kuna vijana Ulaya walikubali kutumwa wasikokujua. Leo wana seminari yao Njiro, Arusha, na kijana wa Kilema anayeingia kwao anaweza kwenda kufia nchi ambayo leo hajui hata kuitamka. Tumepokea imani kwa njia hiyo, ni haki baadhi yetu tuirudishe kwa njia hiyo. Kuna mashirika mengine yanayotuma karibu zaidi, kama Masista wa Bibi Yetu wa Kilimanjaro ambao asili yao ni hapahapa mlimani. Kwa hiyo ukisema "nataka usista" hujasema kitu. Uliza karama yao ni nini: wanafundisha, wanauguza, wanalea yatima, wanakaa ndani kusali? Binti asiyependa watoto wadogo akienda kwa masista wa shule za chekechea kwa sababu tu sare yao inapendeza, atateseka, na watoto watateseka zaidi.

Utii wa ndoa mtume Paulo ameuweka wazi kwa Waefeso: mtiiane. Mume wangu alipata kazi Arusha, nikaacha duka langu Moshi kwa miaka mitatu. Baadaye mimi nikaitwa nyumbani kumuuguza mama, yeye akaacha kazi. Hakuna aliyetuandikia barua ya uhamisho.

Jioni

Vijana wengi huniuliza juu ya useja wakiwa na maana ya mwili. Mapambano hayo yapo, nayo ni ya kweli, padre na sista watakuambia hivyohivyo wakikuamini. Lakini kila ninayemfahamu ananiambia kwamba kinachombana ni jioni.

Jumapili moja nilikwenda kulala kwa mdogo wangu. Alikuwa na misa tatu, moja parokiani na mbili vigangoni, za vigangoni kwa pikipiki. Alirudi saa moja usiku, vumbi hadi kwenye nyusi. Mpishi alikuwa ameshaondoka. Alikaa mezani akiwa na viatu, akafungua hotpot, akala ugali na maharage bila kusema neno, kisha akanyoosha mkono na kuwasha redio. Nikamuuliza kama anasubiri taarifa ya habari. Akasema hapana, anapenda tu kuwe na sauti. Asubuhi yake nilimkuta kanisani saa kumi na moja, amepiga magoti peke yake mbele ya tabernakulo, na nikaelewa kwamba sauti ya redio ni ya usiku, hapa ndipo anapoishi. Padre wa jimbo asiye na maisha ya sala hana kitu cha kumshika jioni. Jumuiya ndogo ndogo, tusaidieni hapa: tunamwalika padre kwenye sherehe na misiba, siku za kawaida tunamwachia redio.

Shangazi hana shida hiyo. Yeye hajawahi kula peke yake tangu akiwa na miaka ishirini. Mzigo wake ni kuishi na wanawake ambao hakuwachagua, wa makabila na umri tofauti, kengele moja, masifu ya asubuhi kabla ya kupambazuka, na mwenzake mmoja ambaye kwa miaka sita hawakupatana juu ya jinsi ya kukausha vyombo. Aliniambia nadhiri ngumu kwake haikuwa useja wala ufukara. "Ni kumpenda huyu sista, leo, kabla ya chai." Mtu anayechoka na watu haraka asijidanganye kwamba utawani atapata utulivu.

Na ndoa? Wanaodhani kuoa ni dawa ya upweke wasikilize hili. Mwaka wa sita wa ndoa yetu tulinuniana siku tatu, kwa jambo ambalo leo nalikumbuka nusu. Usiku wa tatu mtoto wa pili akapandisha homa, saa nane. Tuliamka wote wawili, yeye akaleta beseni la maji, mimi nikawa nakamua kitambaa, na kwa muda mrefu tulipeana kitambaa kile bila kutazamana. Neno la kwanza kusema lilikuwa "moto umepungua". Sakramenti ya ndoa, tunafundishwa, hawaitoi mapadre. Wahudumu wake ni maharusi wenyewe. Mimi nililielewa fundisho hilo kando ya lile beseni.

Mlango wa kurudi

Hapa naomba uweke njia hizi bega kwa bega, uone jambo ambalo halisemwi kwenye semina za miito.

Anayetaka upadre sheria inamdai si chini ya miaka 6 ya seminari kuu, miwili ya falsafa na minne ya teolojia, na juu yake huwekwa malezi ya mwanzo na mwaka wa uchungaji. Wa kwetu huanzia falsafa Kibosho au kwingine, kisha teolojia Segerea, Kipalapala au Peramiho. Hapadrishwi kabla ya kutimiza miaka 25. Njia yote hiyo ana mlezi, ana baba wa kiroho, anaulizwa kila mwaka, anaweza kutoka au kutolewa. Akishapewa daraja, ni Papa peke yake awezaye kumfungua kutoka useja.

Anayetaka utawa haingii unovisi, yaani malezi ya kujiandaa kwa nadhiri, kabla ya miaka 17. Anaanza upostulanti, kipindi cha kwanza cha kujaribu maisha hayo, kisha unovisi wa miezi 12 au zaidi, kisha nadhiri za muda, si chini ya miaka 3 na kwa kawaida si zaidi ya 6. Muda huo ukiisha, akiona siyo, anaaga na kwenda zake bila dhambi. Nadhiri za daima anaziweka akiwa na miaka 21 kwenda juu, na wengi huwa wameshapita ishirini na tano. Ajue mapema kanuni ya 702: anayetoka hawezi kudai malipo ya kazi aliyoifanya akiwa ndani, ingawa shirika linatakiwa kumtendea kwa haki na upendo.

Na anayeoa? Mafundisho ya ndoa ya wiki kadhaa, matangazo Jumapili tatu, vikao vya kamati ya sherehe kila wiki, halafu "ndiyo" moja ambayo, ikishakamilika, hakuna mamlaka duniani iwezayo kuifungua ila kifo. Njia isiyo na mlango wa kurudi hata kidogo ndiyo tunayoiandalia kwa haraka kuliko zote. Nimewaona wachumba wanaojua bei ya ukumbi, ya mpambaji na ya MC, wakiwa hawajawahi kuulizana watasali vipi nyumbani. Injili ya Luka inamtaka anayejenga mnara akae kwanza ahesabu gharama. Tunahesabu gharama ya sherehe, mnara tunauacha.

Kwetu kuna la ziada. Machame ni Walutheri, Kibosho ni Wakatoliki, na mapenzi hayaulizi misheni ipi ilitangulia kufika kijiji gani. Ndoa mseto inawezekana kwa ruhusa ya askofu, na upande wa Mkatoliki anaahidi kufanya yote awezayo ili watoto wabatizwe na kulelewa katika Kanisa Katoliki. Mazungumzo hayo yafanyike kabla ya kuposa. Nimesuluhisha nyumba mbili ambako yalifanyika siku ya ubatizo wa mtoto.

Kama ningekuwa na uwezo, ningempa kila mchumba baba au mama wa kiroho kama frateri anavyopewa, na kila mwaka wa uchumba aulizwe kwa upole: bado?

Madeni na wazazi

Kanuni ya 644 inazuia kumpokea unovisi mtu mwenye madeni asiyoweza kuyalipa. Siku hizi hili linawagusa wengi: binti amemaliza chuo kwa mkopo wa elimu ya juu, au ameshika fedha za VICOBA. Usifiche. Sema mapema, panga kulipa, na wakati unalipa endelea kumfuata mkurugenzi wa miito. Kulipa deni kwa uaminifu ni sehemu ya kuitika.

Wazazi wanaotegemea kifungua mimba ni jambo zito pia, wala sitawaambia vijana walipuuze kwa neno tamu. Padre wa jimbo atasaidia kwa kidogo chake. Mtawa ataomba ruhusa, na huenda atakachopata ni siku tano za kuja kuuguza. Kaeni na ndugu zako mgawane majukumu waziwazi.

Kuna njia nyingine nazitaja kwa kupita, si kwa kuzidharau. Bruda hajakwama njiani kuelekea upadre, amechagua utawa wenyewe, na swali la "mbona hukumaliza?" linamuumiza. Wamonaki wanakaa mahali pamoja kwa sala na kazi. Kuna mabikira waliowekwa wakfu wanaoishi katikati ya watu chini ya askofu, ibada yao ilirudishwa mwaka 1970. Na kuna katekista wa kigango, mwenye mke na ng'ombe wawili, ambaye ndiye Kanisa kwa watu wanaomwona padre mara moja kwa mwezi.

Juu ya kujua, nina mambo mawili tu. La kwanza ni la Mtakatifu Ignasi wa Loyola: ukiwa gizani, umekata tamaa, usibadili uamuzi uliofanya ulipokuwa na mwanga. Usiache seminari wiki uliyoshindwa mtihani, na usikimbilie utawani mwezi ulioachwa na mchumba. La pili ni kwamba kukataliwa nako ni jibu. Louis Martin wa Ufaransa aliomba umonaki akarudishwa kwa kukosa Kilatini. Zélie aliomba kwa masista naye akakataliwa. Wakaoana, wakapata watoto tisa, wakazika wanne, watano waliobaki wote wakawa watawa, mmoja wao Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu. Mwaka 2015 Kanisa likawatangaza watakatifu pamoja, mume na mke.

Mmoja wa waliobaki pale groto mwaka jana ni nesi wa miaka ishirini na saba, kifungua mimba, mwenye mkopo. Alikwenda kuwatembelea masista bila kumwambia baba yake. Baba alipojua alinyamaza wiki mbili. Nilimshauri asitafute maneno. Alikata jani la isale, ambalo kwetu ni ishara ya kuomba amani na msamaha, mpakani mwa kihamba chao, akaenda na baba yake mdogo jioni, akalishika kwa mikono miwili mbele ya mzee. Mchagga akiletewa isale hawezi kugeuza uso. Mzee alilipokea, akaliweka juu ya goti, akalilaza kwa kiganja kama anayenyoosha karatasi. Kimya kikawa kirefu hadi ng'ombe wakaanza kulia kudai majani. Ndipo akauliza, "Deni limebaki shilingi ngapi?"

Wanalilipa wote wawili. Mwezi wa nane anakwenda kukaa na masista wiki mbili, na safari hii mzee ndiye atakayempeleka stendi.